Pikipiki Isiyovuja

Rhobi alirudi kwa baba yake Busawe akiwa na mfuko mmoja wa nguo na sikio la kushoto lisilosikia vizuri. Mumewe, Vincent, alikuwa amempiga kofi kwa sababu ya maji ya kuoga yaliyopoa. Si mara ya kwanza kurudi. Safari zilizopita alirudishwa kwa mumewe kabla hata viazi alivyokuja navyo havijaisha jikoni. Safari hii alisimama mlangoni na kumwambia baba yake, Mzee Filemoni, kabla hajakaribishwa kukaa:

"Tata, shikamoo. Sirudi kule tena. Ukinirudisha, andaa na mahali pa kunizika."

Filemoni aliitikia salamu, akatazama chini. Alimpenda binti yake, hilo halina ubishi. Lakini Wakurya tuna utaratibu wetu: mwanamke akirudi nyumbani moja kwa moja, ng'ombe wa mahari nao wanarudi walikotoka. Na ng'ombe wa Rhobi hawakuwepo. Walikuwa wamegeuka pikipiki.

Kwa kawaida ng'ombe wa mahari ya dada hutumika kumwolea kaka mke. Kaka yake Rhobi, Nelson, ndiye aliyetaka iwe vingine. "Tata, mke atakuja tu," alisema wakati ule. "Ninunulie kwanza kitu cha kumlisha." Filemoni aliona kijana ana akili za kisasa, akauza zizi zima mnadani, akanunua pikipiki nyekundu ya kubebea abiria. Mama yao, Mokami, peke yake ndiye aliyeuliza, "Ng'ombe anazaa. Hicho kitazaa nini?" Akaambiwa wanawake hawanunui mifugo.

Mtendaji wa kata alishauri waende polisi na lile sikio. Filemoni akakataa. Alisema hawezi kuanzisha vita na ukoo wa ng'ambo ya Mto Mara kwa jambo ambalo wazee wanaweza kulimaliza wakiwa wameketi. Basi wazee wakaketi.

Mzee Kisyeri, baba yake Vincent, alivuka mto akaja na wenzake wawili. Alikuwa mtu mfupi, mtaratibu wa maneno, aliyezeekea kwenye minada ya ng'ombe. Alikunywa uji wake wote kabla ya kusema lolote.

"Mkwe wangu," alisema akiweka kibuyu chini, "ng'ombe wangu wako wapi?"

Filemoni alionyesha ukuta wa jiko. Pikipiki ilikuwa imeegeshwa pale, na chini ya injini udongo ulikuwa mweusi kwa oili.

Kisyeri aliinuka, akaizunguka kama anavyomzunguka dume mnadani. Akainama, akagusa chini ya injini kwa kidole, akanusa.

"Huyu mnyama anaharisha," akasema.

Wazee wakacheka. Nelson, ambaye kwa muda mrefu alikuwa anaongeza oili kila asubuhi badala ya kuitengeneza, alitazama pembeni.

"Mimi si mtu mgumu," Kisyeri aliendelea. "Mwanangu na binti yako hawawezani, hata mimi naliona. Na Vincent amenichosha na habari za pikipiki. Mali yangu mliigeuza chuma, mimi nitachukua chuma. Lakini kiwe kizima. Jumapili mtakileta kwangu, na binti aje, nimwachie mbele ya watu. Nikiona tone, Filemoni, tone moja tu, binti anabaki kwa mumewe."

Filemoni alisimama. Alikuwa mrefu, na alijua kusimama mbele za watu. Kanisani ndiye aliyekuwa akisoma matangazo.

"Hutaona tone," alisema. "Kwangu hakitoki kitu kibovu."

Rhobi alikuwa jikoni na mama yake. Alisikia kwa sikio la kulia, na kwa mara ya kwanza tangu afike aliomba chakula.

*

Fundi wa senta ya Busawe aliitwa Thadeo, mtu wa Natta, mwenye kelele kuliko injini alizotengeneza. Kesho yake Nelson alimsukumia pikipiki, na Rhobi akaenda naye kwa sababu hakuweza kukaa tu nyumbani akisubiri. Thadeo alimpa beseni la petroli alishike.

"Nyie Wakurya," alisema huku akifungua bolti, "mtu akipewa ng'ombe analala naye nyumba moja, anamjua hata kikohozi chake. Akipewa pikipiki anaiacha inavuja damu mpaka inakauka. Mmelaaniwa na nani?"

"Na nyie Wanatta mnaokula swala hadi kwato, mmelaaniwa na nani?" Nelson akajibu.

"Swala hana gasketi, mura," Thadeo alisema, akimwita kijana kwa Kikurya. "Ndiyo maana tunamwelewa."

Rhobi alicheka, na Thadeo akafurahi kumwona amecheka, akazidi kusema. Alitoa silinda, akawaonyesha gasketi ya zamani: karatasi ngumu inayokaa kati ya chuma na chuma ili oili isipite. Ilikuwa imeungua na kung'ang'ania kama ukoko wa ugali. Aliikwangua kwa wembe, polepole, akiosha kila mara kwa petroli, na alipomaliza akapitisha ukucha juu ya chuma kutafuta chembe iliyobaki.

Gasketi za juu na chini ya silinda zilikuwa zimeletwa kutoka mjini Tarime. Ya kava la klachi, lile la ubavuni, haikupatikana. Thadeo alichukua karatasi nene ya kazi hiyo, akailaza juu ya kava na kuigonga ukingoni kwa nyundo ndogo mpaka ikakatika yenyewe kwa umbo lile lile. Kisha akatoboa matundu ya bolti. Mwishoni akatoboa tundu jingine, dogo, mahali ambapo hapakuwa na bolti.

"Hili ni la nini?" Rhobi aliuliza.

"Umeuliza swali ambalo kaka yako hajauliza tangu anunue hii kitu." Thadeo aliinua kava na kumwonyesha kijitundu kwenye chuma. "Hili ni koo. Pampu inasukuma oili, inapita hapa, inapanda juu. Ukiziba koo, oili inabaki chini kama maji ya kisima kisicho na ndoo, na huko juu chuma kinasagana na chuma."

"Tia na gundi basi, ishike vizuri," Nelson akasema. "Mafundi wa Sirari wanapaka gundi kila mahali."

"Na mafundi wa Sirari wana wateja wangapi wanaorudi kusema asante?" Thadeo alitikisa kichwa. "Gundi ukiibana inakimbilia ndani, na ndani hakuna anayeiona. Karatasi inatosha. Sasa sikiliza, na wewe dada sikiliza kwa niaba yake. Siku za kwanza itatoa jasho. Si kuvuja, ni jasho, karatasi inakaa mahali pake. Futa. Endesha kidogo, ikipoa kaza bolti, moja huku, nyingine upande wa pili, si kwa kufuata mstari. Halafu iacheni. Asiifungue mtu."

Nelson aliendesha siku ile na iliyofuata, akafuta, akakaza. Thadeo alipata habari ya msiba, akafunga kibanda chake na kwenda kwao Natta.

Jumamosi asubuhi Filemoni alitoka na mswaki mdomoni, akachuchumaa mbele ya pikipiki kama alivyofanya kila siku wiki ile. Kwenye ukingo wa chini wa kava la klachi palikuwa na unyevu. Aliungoja. Unyevu ukajikusanya, ukawa tone, ukaning'inia.

"Nelson!"

Nelson alikuja akiwa kifua wazi. Akalitazama lile tone, akalifuta kwa kidole gumba. "Ni jasho, tata. Thadeo alisema."

"Kisyeri atauliza ni jasho?"

"Tumpigie Thadeo simu."

"Umwambie nini? Kazi yake inavuja. Nenda dukani ulete gundi ya injini, ufungue hicho kidude, upake kila mahali."

"Fundi alisema tusifungue."

"Fundi ndiye aliyepigwa sikio?"

Nelson alivaa shati. Alienda duka la spea, akarudi na tyubu ya gundi ya kijivu. Akafungua kava. Gasketi ya Thadeo ilikuwa safi, imeanza kushika, na katika kuivuta ikachanika kipande. Nelson akaujaza mchaniko kwa gundi, kisha akaendelea kuzunguka kava lote, akiminya tyubu hadi gundi ikasimama mfano wa tuta la viazi.

Rhobi alikuwa amesimama nyuma yao.

"Tata, lile tundu," alisema. "Thadeo alisema gundi inakimbilia ndani."

Filemoni aligeuka. Uso wake haukuwa wa hasira. Ulikuwa uso wa mtu asiyelala vizuri.

"Rhobi mwanangu, hili nalifanya kwa ajili yako."

Rhobi akarudi nyuma hatua moja. Ungemwambiaje baba yako neno la pili, baada ya hilo? Nelson akarudisha kava, akakaza bolti kwa nguvu zake zote, na gundi iliyotokeza nje akaipangusa kwa kitambaa. Walisubiri mpaka jioni. Hakuna tone, hakuna jasho. Filemoni alipitisha mkono chini ya injini, akauinua kumwonyesha mkewe: mkavu.

"Umeona?" akasema.

Mokami alisema ameona.

*

Jumapili, baada ya ibada, Nelson alitangulia na pikipiki. Filemoni na Rhobi walifuata kwa bodaboda ya jirani. Nelson aliendesha taratibu njia nzima, akapita darajani, akapanda kidogo upande wa Tarime hadi nyumbani kwa Mzee Kisyeri. Aliposhuka alihisi joto la injini kwenye mguu zaidi ya kawaida, na mlio wake ulikuwa mkavu kidogo. Akajiambia ni kilima.

Watu walikuwa wamejaa uani. Kisyeri alikuwa ametandika kiroba cheupe chini, kilichofuliwa kwa sabuni. Akaagiza pikipiki isimamishwe juu yake na iachwe iungurume. Wakaisubiri wakinywa uji, huku watoto wakichuchumaa kutazama tumbo la injini wakitumaini kuwa wa kwanza kuona tone. Rhobi alikaa na wanawake. Alikuwa amekitazama kile kiroba mpaka weupe wake ukamtoa machozi.

Kisyeri akainama. Akakivuta kiroba, akakigeuza juani, akakigeuza tena.

"Kikavu," akasema. "Filemoni, umenishangaza. Nilijua utaniletea maneno."

"Nilikwambia. Kwangu hakitoki kitu kibovu."

Kisyeri aliita jina la Rhobi, naye akasimama. Akasema mbele ya wazee kwamba mali imerudi, kwamba binti huyu ni wa Filemoni kama alivyokuwa awali, na kwamba wakishakula pamoja jambo litakuwa limefungwa. Vincent, kwenye kiti chake, alicheka. "Nimebadilisha mke kwa pikipiki," aliwaambia vijana wenzake. "Hii angalau ikipiga kelele unazima." Wakacheka naye. Rhobi hakujali. Aliketi akashika goti la mwanamke aliyekuwa jirani yake, hata hakumjua ni nani, akalishika kwa nguvu.

Nyama ya mbuzi ilipoanza kugawanywa Vincent hakuweza kungoja. Akampakia rafiki yake nyuma, akapiga kiki, wakaondoka kwa resi kuelekea kilima cha Nyamwaga. Mlio ulisikika ukipanda. Kisha ukasikika mlio mwingine, wa chuma kugonga chuma, kama mtu anapiga sufuria kwa nyundo. Kisha hakukuwa na mlio.

Walirudi wakiisukuma. Kiki haikushuka hata kwa miguu ya watu wawili. "Imenoki, injini imekufa," Vincent alisema. "Mmeniletea mzoga!"

Fundi wa senta ya karibu aliitwa. Alikuja na spana zake kwenye mfuko wa shule, akafungua kava mbele ya watu wote wakiwa na nyama mikononi. Oili ilimwagika, nyingi, haikuwa imepungua. Fundi akachukua waya, akauingiza kwenye kijitundu cha ubavuni, akavuta. Kilitoka kitu cha kijivu, laini, kirefu kama mnyoo.

"Gundi," alisema. "Oili ilikuwemo. Haikuwa na pa kupanda."

Kisyeri alikipokea kile kimnyoo kiganjani.

"Kuna wachuuzi," alisema polepole, "ng'ombe wao akiharisha wanamziba matambara huko nyuma asubuhi ya mnada. Unanunua mnyama msafi. Jioni amekufa. Nimewahi kuuziwa huyo. Sikudhani nitaletewa mwingine na mkwe wangu."

Kelele zikaanza. Kisyeri akainua mkono, zikatulia.

"Filemoni, njoo hapa karibu. Mimi na wewe ni watu wazima, mashine hizi zimetukuta na mvi. Mtu anaweza kuziba tundu asijue ni tundu la nini. Mimi mwenyewe nisingejua. Kama ndivyo, sema tu, 'Sikujua.' Hapa, watu wasikie. Nelson ataitengeneza hata baada ya mavuno, na binti utaondoka naye leo. Neno langu halijaanguka bado."

Rhobi alisimama. Lilikuwa neno moja tu, nalo baba yake alikuwa amepewa tayari, limetafunwa, kazi yake kulimeza.

Filemoni aliwatazama vijana waliosimama ukutani. Alimtazama Vincent, ambaye alikuwa anasubiri kucheka. Akavuta koti lake la ibada likakaa sawa.

"Mimi si mtu wa kutojua," akasema. "Niliipeleka kwa fundi. Mtu wa Natta. Gundi hiyo kaitia yeye."

"Tata," Rhobi alisema. "Sema tu."

"Nyamaza, wanaume wanaongea."

"Tata, sema hukujua. Nakuomba."

Hakumtazama. Kisyeri alimtazama binti, kisha baba, kisha akamgeukia Nelson. "Mura, unayo namba ya huyo fundi? Mpigie. Sauti iwe nje, sote tusikie."

Nelson alipiga simu. Iliita kwa muda mrefu, na kila ilipoita Filemoni angeweza kusema. Kisha sauti ya Thadeo ikatoka, nyuma yake wanawake wakiimba nyimbo za msiba.

"Nelson mura! Mnyama wako mzima?"

"Nipo na wazee," Nelson alisema, sauti ikiwa chini. "Wako hapa wanakusikia."

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba," Kisyeri akasema. "Fundi, kava la klachi la pikipiki hii ulilipaka gundi?"

"Gundi? Mimi?" Thadeo alicheka. "Mzee, hata kibandani kwangu haimo. Nelson ni shahidi, na dada yake alikuwa ameshika beseni. Niliwakataza, hata..." Akasita. Nyimbo zikaendelea nyuma yake. "Ngoja. Nani kafungua kava langu?"

Nelson alikata simu, na alipoikata hakuinua uso.

Kisyeri akakidondosha kile kimnyoo cha gundi chini, akafuta kiganja kwenye suruali.

"Injini ningeisamehe," alisema. "Nilikuwa nimeshaisamehe. Lakini umekaa kwangu, nyama yangu ikiwa mdomoni mwako, umenidanganya kwa jina la mtu aliyeko msibani. Neno langu nimelirudisha. Chukua chuma chako. Binti anabaki."

Filemoni alifungua mdomo. Pengine sasa alikuwa tayari kulisema lile neno, lakini Kisyeri alikuwa ameshampa mgongo, na wazee wengine walikuwa wanatafuta fimbo zao.

Rhobi alibaki amesimama alipokuwa. Mbele yake, kaka yake alikuwa amechuchumaa karibu na yule fundi wa senta.

"Pistoni imekwenda pamoja na silinda?" Nelson alikuwa anauliza. "Au silinda inachongeka?"

"Mpaka nifungue juu."

"Na ikichongeka, itarudi kama zamani?"

Filemoni alikuja akasimama juu yao, akasikiliza. Akasema ataongea na mtu anayefahamiana naye Tarime mjini. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, sauti ile ile ya kusomea matangazo. Kisha baba na mwana wakashika usukani, mmoja huku, mwingine kule, wakaanza kuisukuma kuelekea barabarani. Walipofika kwenye ua wa minyaa Filemoni alisimama, na ilionekana kama atageuka. Alikuwa anabadilisha mkono.

Wanawake waliinuka mmoja mmoja, wakakusanya sahani. Yule ambaye Rhobi alimshika goti alimgusa begani akipita.

Vincent alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni kwake. Mikono yake ilikuwa myeusi hadi kwenye viwiko kwa ile oili iliyomwagika.

"Leta maji ninawe," alisema.

Rhobi alikwenda akaleta maji kwenye jagi. Akammiminia. Vincent alisugua kiganja kwa kiganja, na maji yalipita juu ya oili yakaanguka chini yakiwa safi.

"Haitoki," alisema, akimtazama. "Unamwaga tu. Sabuni iko wapi?"

Rhobi aliweka jagi chini, akaingia ndani kuitafuta.